Maji yakisimama usiku: kapteri ndogo, ndoo yenye robine na pipa la akiba

Wanamemba wengi wanaolea vifaranga wa samaki Butembo na Beni wanatuuliza kama zile kapteri za maji za bei kidogo zinafaa. Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kazi ile ambayo wengi wanafikiri.

Hakuna aliyejua maji yalisimama saa ngapi. Jioni tuliacha tangi likiwa safi, vifaranga wa kambale wamejikusanya kwenye kona yenye kivuli kama kawaida yao. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi tulikuta tiyo inatoa tone moja moja, na vifaranga wamelala chini, weupe. Jani moja na matope kidogo vilikuwa vimeziba mdomo wa tiyo kule juu kwenye chanzo. Kuondoa lile jani kulichukua dakika mbili. Kupata vifaranga wengine kulichukua majuma mengi, pamoja na pesa ambayo ilikuwa imepangwa kwa ajili ya chakula cha samaki.

Papa mmoja mzee aliyekuja kutuangalia hakutulaumu. Aliuliza tu: "Agronome, hata kama mungejua saa ile ile, mungefanya nini? Usiku ule mungetoka?"

Tulinyamaza, sababu jibu lilikuwa hapana. Hapa kwetu, na zaidi upande wa Beni, mtu haachi nyumba yake usiku kwenda bondeni kwa sababu ya tiyo. Swali la yule mzee ndilo lilitufanya tuandike makala hii. Kujua kwamba maji yamesimama ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwa na maji ya kutosha kufikisha vifaranga asubuhi.

Kwa nini vifaranga hawangojei

Kambale (tunasema samaki, si mtoto wa pili wa kiume!) ni samaki mwenye nguvu. Mkubwa anaweza kukaa kwenye matope na kuvuta hewa ya juu, kwa sababu ana kiungo cha pekee karibu na mashavu kinachomsaidia kupumua kama sisi. Lakini kifaranga hajapata kiungo hicho. Kinaanza kufanya kazi baada ya majuma mawili au matatu hivi. Kabla ya hapo anaishi kwa oksijeni iliyo ndani ya maji peke yake. Maji yakisimama, tangi likiwa limejaa vifaranga, oksijeni inaisha kwa saa chache tu.

Mayai nayo yanahitaji maji yanayotembea, na hapa urefu wa milima yetu unahesabika. Kwenye maji ya digrii 28, yai la kambale linapasuka kwa muda wa siku moja hivi. Kwenye digrii 20 linahitaji zaidi ya siku mbili. Butembo iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi, na maji ni baridi: mayai yanakaa muda mrefu zaidi kwenye hatari. Beni iko chini zaidi na ni joto: mayai yanapasuka haraka, lakini maji ya joto yanabeba oksijeni kidogo na vifaranga wanaitumia haraka. Basi kila upande una sababu yake ya kuogopa tiyo iliyoziba.

Kitu tulichoazima kwa wafuga samaki wa nyumbani

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa rangi ndani ya nyumba, kwenye sanduku la kioo linaloitwa akwariamu. Wao pia wanaogopa kitu kile kile: pampu isimame usiku wakiwa wamelala. Wengi hawanunui mashini ya bei kubwa ya kuchunga maji. Wanajitengenezea wenyewe, kwa karte ndogo ya elektroniki inayoitwa Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, na kapteri ndogo ya plastiki ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye mashini za kupasha maji moto na za kutoa maji ya kunywa.

Kapteri hiyo ni rahisi kuelewa. Ndani yake kuna kagurudumu kenye mapanga, kama gurudumu la kinu cha maji. Kwenye kagurudumu kuna sumaku ndogo. Maji yakipita, kagurudumu kanazunguka. Kila mara sumaku inapopita mbele ya kijicho cha elektroniki kilicho nje ya maji, kijicho kinatuma pigo moja kwenye waya. Karte inahesabu mapigo. Mapigo mengi ni maji mengi, na mapigo yakiisha ni hatari. Waya ni tatu: mwekundu ni moto wa volti 5, mweusi ni wa kurudisha moto, na wa njano ndio unaobeba mapigo. Kabla ya kuunga, soma karatasi yake, sababu wengine wanabadilisha rangi.

Kwa bei, kapteri yenyewe inauzwa dola chache kule inakotengenezwa China. Ikipitia Kampala na Kasindi mpaka ifike sokoni kwetu, bei inapanda. Hata hivyo bado ni kitu ambacho koperative inaweza kununua bila kuomba mkopo.

Shida: debi yetu ni ndogo

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kapteri inayopatikana zaidi inaitwa YF-S201. Ina nyuzi za kuingia kwenye tiyo ya nusu pusi, na imetengenezwa kwa debi ya lita 1 mpaka 30 kwa dakika. Sasa tuhesabu pamoja debi tunayohitaji.

Etange la are moja ni mita za mraba 100. Tuseme kila siku jua na udongo vinakunywa sentimita moja ya maji. Hiyo ni lita 1,000 kwa siku. Siku ina dakika 1,440. Ukigawanya unapata lita 0.7 kwa dakika. Etange zima linahitaji chini ya lita moja kwa dakika ili libaki limejaa! Na haifai kupitisha zaidi bila sababu: maji mengi yanapoza etange, na yanasukuma nje mbolea na ule ukijani ambao tilapia anakula.

Tangi la vifaranga ni hivyo hivyo. Tangi la lita 300 likipata nusu lita kwa dakika, maji yote yanabadilika kila saa 10. Kwa vifaranga ambao hawajabanana, inatosha kuwavusha usiku.

Basi maji yetu ni madogo kuliko macho ya ile kapteri. Chini ya lita moja kwa dakika, kagurudumu kanakuwa kazito, kanasita, halafu kanasimama. Maji bado yanapita, lakini kapteri inasema sufuri. Mama mmoja aliyeona jambo hilo alicheka: "Eh, hii mashini inalala mbele ya batu!" Ni kweli. Kuna ubaya mwingine wa kinyume: hewa ikiingia kwenye tiyo, mapovu yanaweza kuzungusha kagurudumu, na kapteri ikasema maji yapo.

Kuna kapteri ndogo zaidi, YF-S401, iliyotengenezwa kwa lita 0.3 mpaka 6 kwa dakika. Hiyo ndiyo inayofaa tangi la vifaranga. Inatoa mapigo karibu 5,880 kwa kila lita, wakati YF-S201 inatoa karibu 450. Lakini ina deni lake: tundu lake ni jembamba sana. Linaziba haraka, na linapunguza maji yenyewe. Ukiifunga chini ya ndoo iliyo karibu sana na tangi, unaweza kukuta maji yanayotoka hayafiki hata nusu lita. Inataka maji yatoke juu, mita mbili hivi juu ya tangi au zaidi, na kichungi mbele yake.

Kwanza bidoni na saa

Kabla ya kununua kitu chochote, pima debi yako kwa kitu ulicho nacho. Kamata chupa ya lita moja na telefone yenye saa. Hesabu sekunde mpaka chupa ijae. Gawanya 60 kwa sekunde hizo: umepata lita kwa dakika. Chupa ikijaa kwa sekunde 120, una nusu lita kwa dakika. Kwa debi kubwa tumia bidoni ya njano ya lita 20: ikijaa kwa dakika 10, una lita 2 kwa dakika. Fanya mara tatu, asubuhi na jioni, siku ya jua na siku ya mvua, na uandike kwenye daftari.

Bidoni haidanganyi. Kapteri ndiyo inapaswa kujifunza kwa bidoni. Baada ya kuifunga, pitisha lita 5 na uangalie karte imehesabu mapigo mangapi. Kwa YF-S401 utegemee karibu 29,400. Ukipata 27,000, gawanya kwa 5: kapteri yako wewe ni mapigo 5,400 kwa lita, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye karte. Rudia kila mwezi, na kila mara unapoisafisha.

Mpango tunaoupendekeza

Kila mmoja anakumbuka zile ndoo zenye robine za wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Kwenye kila mlango wa shule, kanisa na soko kulikuwa na ndoo ya kunawa mikono. Nyingi bado zipo, zinakaa bure. Ndoo ile ile, au bora pipa la lita 200 lililotobolewa na kuwekwa robine chini, ndiyo moyo wa mpango wetu.

1. Weka pipa juu ya tangi. Kwetu milima iko mingi, hakuna haja ya kujenga kitanda cha mbao: chimba sehemu tambarare kwenye mteremko, mita mbili juu ya tangi. Kumbuka kwamba pipa lililojaa lina uzito zaidi ya kilo 200. Pipa lililobeba dawa au mafuta usilitumie hata kama limeoshwa.

2. Tiyo ya kutoka kwenye chanzo iingie juu ya pipa. Ilete maji zaidi kidogo kuliko yanayohitajika. Karibu na mdomo wa pipa toboa tundu la kumwagia maji ya ziada, yaende kwenye mfereji. Hivyo pipa linabaki limejaa siku zote, na robine ya chini inatoa debi ile ile bila kupanda wala kushuka.

3. Mdomo wa tiyo kule kwenye chanzo ufungwe kwa wavu, halafu wavu wa pili laini juu ya pipa. Kwa maoni yetu, wavu huu unaokoa samaki wengi kuliko elektroniki yote.

4. Ndani ya pipa, chini kidogo ya tundu la juu, funga floteri ndogo ya umeme. Pipa likijaa floteri inaelea. Maji yakishuka inaanguka na kuunganisha waya. Hii inachunga chanzo.

5. Baada ya robine, funga YF-S401, mshale wake ukifuata maji, ikiwa imelala, si kusimama. Hii inachunga robine yenyewe, sababu floteri haiwezi kujua kama robine imeziba: robine ikiziba, pipa linabaki limejaa na floteri inaelea kwa furaha.

6. Pima tena kwa chupa, na ufungue robine mpaka upate debi unayotaka.

Sasa turudi kwa swali la yule papa. Tuseme jani linaziba chanzo saa tano usiku. Pipa lina lita 200. Kwa nusu lita kwa dakika, lina maji ya dakika 400, yaani saa sita na dakika 40. Unafika saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Kwa kweli debi inashuka kidogo kidogo pipa linapopungua, basi vifaranga wanapata kidogo zaidi mwanzoni na kidogo pungufu mwishoni, lakini wanaamka wazima. Kengele imelia mapema, mara floteri iliposhuka. Umejua. Unageuka upande wa pili, unalala, na kukipambazuka unapanda na kuondoa jani.

Kengele bila akiba ni kukuletea huzuni usiku wa manane. Na akiba bila kengele inaisha bila mtu kujua, hasa mwenye tangi akienda matangani au sokoni siku mbili.

Moto wa umeme na kengele

Mwenye pesa kidogo aanze na floteri peke yake. Haihitaji karte: batri ya volti 12, floteri, na kengele ndogo, ile inayolia kama kamyo inarudi nyuma. Usiunge honi ya moto moja kwa moja kwenye floteri, sababu honi inavuta moto mwingi na itaunguza floteri. Fundi anayetengeneza redio au telefone anaweza kukuungia kwa saa moja.

Anayeongeza kapteri atahitaji karte. Karte ya Arduino na kapteri pamoja vinakula karibu miliampea 60. Kwa siku nzima ni ampea-saa 1.4 hivi. Batri ya moto ya ampea-saa 7 isimalizwe kupita nusu, basi inakufikisha siku mbili bila jua. Pano ndogo ya wati 10 inatosha kuirudisha, hata kwenye ukungu wetu wa asubuhi, mradi ukungu usikae siku nzima. Karte iambiwe hivi: hesabu mapigo ya dakika 10. Kwa nusu lita kwa dakika yanapaswa kuwa karibu 29,400. Yakishuka chini ya nusu ya hapo, piga kengele. Kwa nini dakika 10 na si sekunde 10? Ili povu moja au kusita kidogo kusiamshe nyumba nzima. Kengele inayolia bure mara tatu, mara ya nne mtu anaitoa waya.

Kama tangi liko karibu, vuta waya mbili mpaka nyumbani. Kama liko mbali, kuna modile ndogo inayotumia SIM na kutuma mesaje. Angalia mambo matatu. Inapotuma inavuta moto wa ghafla mpaka ampea 2, na batri dhaifu inaizima. Inahitaji rezo. Na unite zikiisha inanyamaza, nawe unafikiri mambo ni sawa. Dawa yake ni kuiagiza itume mesaje kila jioni hata kama hakuna shida. Jioni ambayo mesaje haikufika, nenda uangalie mapema, mwangaza ungalipo.

Somo kutoka Kyuso

Kati ya 2012 na 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu za maji za vijiji vya Kyuso, Kenya. Kila pampu ilituma mesaje ikieleza kama watu wanaitumia. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa karibu mwezi mzima bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio, muda huo ulishuka chini ya siku tatu.

Kifaa chenyewe hakikutengeneza hata pampu moja. Kulikuwa na mafundi waliokuwa tayari kutoka mara mesaje inapofika. Kwenye koperative yetu ni hivyo hivyo: kabla ya kununua kapteri, kubalianeni ni nani anapanda kwenye chanzo asubuhi, nani anamrudilia akiwa mgonjwa, na wavu wa akiba unakaa kwa nani.

Maswali ambayo wanamemba wameuliza

*Kila mtu anunue?* Hapana. Mwenye etange la kukuzia samaki wakubwa hahitaji. Etange likikosa maji siku moja linashuka sentimita moja tu. Vifaa hivi ni vya matangi ya mayai na vifaranga, na hayo kwenye koperative ni machache. Koperative inunue kwa matangi hayo, na wengine wafaidike kwa kupata vifaranga kwa wakati.

*Inapima oksijeni?* Haipimi. Inasema maji yanapita au hayapiti. Vifaranga wakipanda juu kuvuta hewa wakati maji yanapita, punguza wingi wao, safisha tangi, na usiwape chakula mpaka watulie.

*Itadumu muda gani?* Mchanga ndio adui. Ifungue kila juma wakati wa mvua, isukutue kwa maji safi, uhakikishe kagurudumu kanazunguka ukipuliza. Nunua mbili, moja ikae kwenye sanduku.

*Kama sina pesa kabisa?* Pipa, wavu na tundu la juu havihitaji umeme. Kwa sehemu hizo tatu peke yake, usiku ule wa mvua hatungepoteza vifaranga wetu. Anza hapo. Floteri ifuate, kapteri iwe ya mwisho.

Tangi letu sasa lina pipa juu yake. Yule papa alikuja tena, akaizungukia, akagonga pipa kwa fimbo akasikiliza kama limejaa. Halafu akauliza: "Na hii kengele, inalia nguvu? Mimi niko na usingizi muzito." Tulimfungia floteri kwa mkono ili aisikie. Alirudi nyuma hatua mbili, akasema: "Sawa. Hii hata mama yangu kule kaburini anasikia."

Wanamemba wenye matangi ya vifaranga, kabla ya mkutano ujao pimeni debi yenu kwa chupa, asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Leteni daftari. Tutahesabu pamoja pipa la kila mmoja linafika saa ngapi.